Waliolala Nyuma ya Jiko Letu

Damaris mwanangu,

Umetoka na wenzako wa kwaya kwenda kuagana, na mimi nimebaki na sanduku lako hapa sebuleni. Ni Ijumaa mchana, nje hakuna mtu wa kutembea kwa joto hili la Doha. Kesho saa kama hii utakuwa angani. Sitakuandikia habari za koti, wala za kula vizuri, wala za kupiga simu. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kwa kuguna. Nataka kukuambia habari za shamba letu la Skimu, kwa sababu wiki hii nimefanya jambo linalokuhusu na sikukuuliza kwanza.

Unajua kwamba Babu yako hakuzaliwa Skimu. Alikuja akiwa kijana mwenye mke na jembe, kutoka kwetu kule juu ambako ardhi ilikuwa imekwisha. Serikali ilikuwa imenunua shamba kubwa la mzungu aliyerudi kwao, ikalikata vipande na kuwagawia watu waliojiandikisha. Babu alijiandikisha, akapanga foleni, akapata. Alikuta nyasi za kumfika kifuani. Walilala chini ya turubai mpaka mvua ya kwanza ikawatoa, ndipo akajenga. Mamangu alizika watoto wawili pale kabla sijazaliwa mimi. Nilikua nikisikia hayo kila jioni, na ni ya kweli yote.

Jambo ambalo halikusimuliwa jioni ni kwamba kabla ya mzungu, yale yalikuwa malisho ya akina Mzee Zakayo. Mzungu alipoyachukua wakageuka vibarua wake papo hapo. Alipoondoka walidhani yatarudi kwao. Yakaja kwetu. Wao wakapata kipande kidogo ng'ambo ya mto, palipo na mawe.

Katika kona ya juu ya shamba letu palikuwa na sehemu ambayo Babu hakuilima miaka ya mwanzo. Kila mwaka baada ya mavuno Mzee Zakayo alikuja pale na kibuyu cha maziwa, akamwaga kidogo, akakaa. Mamake alizikwa pale wakati wa mzungu. Babu alimwacha. Wakati mwingine walikaa pamoja wakizungumza habari za ng'ombe. Halafu ardhi ikaanza kupanda bei, watu wakaanza kugombania mipaka, na mwaka mmoja Babu akazungusha seng'enge. Mwaka uliofuata akapalima, akapanda nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe. Nilikuwa msichana wa shule. Nilimwuliza, "Baba, na Mzee Zakayo je?" Akaniambia, "Zakayo ana kwake." Siku ile mzee alikuja na kibuyu chake, akasimama nje ya seng'enge, akamwaga maziwa pale pale njiani, akaenda zake.

Babako alipofariki kwa ajali nilikuja Doha, nikakuacha na Babu. Mshahara wangu wa uuguzi ulijenga ile nyumba ya mawe. Wajenzi walipoomba kiwanja, mimi ndiye niliyesema kwa simu: jengeni kona ya juu, pako sawa na pana upepo. Nilisahau? Sikusahau. Nilijua ni pale, nikaona ni mambo ya zamani. Jiko likasimama mbele tu ya ile nepia. Mjomba wako Yosia alinitumia picha na nilimwonyesha kila mtu pale kwenye nyumba ya wauguzi.

Baada ya uchaguzi ule, vijana walipoanza kuwafukuza watu wa Skimu na kuchoma nyumba, unajua kilichotokea. Ulikuwa na miaka saba. Nilikuwa zamu ya mchana, wodi ya akina mama, simu ikatetemeka mfukoni. Namba ya Babu. Nikatoka kwenye korido.

"Baba?"

"Ni Zakayo," sauti ikasema. "Mtoto yuko kwangu."

"Baba yuko wapi?"

"Mtoto yuko kwangu, Loyce. Amekula."

"Nimekuuliza, baba yangu yuko wapi?"

Nilisikia ng'ombe wakilia, na watu wengi wakipiga kelele kwa mbali. Akasema tena, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Mtoto yuko kwangu." Ndipo nikaelewa.

Babu alikuvusha mto yeye mwenyewe, akampa Mzee Zakayo mkono wako na simu yake, kisha akarudi nyumbani. Wewe ulikaa chini ya ngozi za ng'ombe katika jiko la mkewe mpaka lori la polisi lilipopita. Yosia alikupokea mjini, kanisani, ukiwa huna viatu na unanuka moshi. Babu aliungua na nyumba. Tangu siku hiyo Yosia amesimulia kwamba baba yetu alikataa kuondoka. Kwamba alisimama mlangoni akawaambia vijana wale, hii ni ardhi yangu, nitafia hapa. Imesimuliwa kwenye matanga, imesimuliwa kwenye harusi, na hata wewe uliiandikia insha hapa shuleni, ukapata alama nzuri.

Miongoni mwa vijana wale alikuwamo Samweli, mtoto wa mwisho wa Mzee Zakayo. Hilo tulilijua mapema, watu walimwona.

Mzee alinipigia simu mara nyingi baada ya hapo. Sikupokea hata moja. Mtu aliyemficha mwanangu, sikumwambia asante. Nilipoona namba yake nilimwona Samweli, nikaigeuza simu kifudifudi. Niliishi hivyo karibu miaka mitatu, nikijiona nina haki, na ile haki haikunipa usingizi.

Hospitalini nilianza kukosea. Nilimpa mgonjwa dawa ya mwenzake, bahati daktari akaona mapema. Nikaomba kuondoka kabla sijaondolewa. Ndipo nikapata kazi ya kumwuguza Bi Edna, kule Wakrah, nje kidogo ya Doha. Wewe unamkumbuka kwa zile hadithi za theluji nilizokuletea jioni ulipokuja kuishi nami. Najua ndizo zilizokufanya ukachagua chuo cha Nebraska wakati wenzako wanachagua miji mikubwa. Lakini nilikupa nusu tu.

Mwanawe alikuwa mhandisi wa gesi. Alikuwa amemleta mamake kutoka Marekani kwa sababu hakuwa na mtu wa kumtunza, na akili yake ilikuwa imeanza kuondoka. Mchana kutwa tulikuwa wawili katika villa ile, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kikinguruma. "Loyce, keti," ananiambia. "Nikuambie habari za nyumba ya udongo." Anaisimulia, anamaliza, anakunywa chai, kisha ananiambia tena, "Loyce, keti."

Babu na bibi wa Bi Edna walikwenda Nebraska kwa gari la kukokotwa na farasi. Serikali yao ilisema, kaa hapa miaka mitano, jenga, lima, tutakupa cheti cha shamba. Hapakuwa na mti wa kukata mbao. Walikata ardhi yenyewe pamoja na nyasi zake, vipande kama matofali, wakajengea. Mvua ikinyesha, dari inadondosha matope kwenye sufuria. Wakati wa theluji walifunga kamba kutoka mlango wa nyumba hadi zizi la ng'ombe ili mtu asipotee kwenye uwanja wake mwenyewe. Nzige walikuja wakala hadi mpini wa jembe. Bibi yake alizika mtoto katika sanduku la chai.

Nilikuwa nikilia, Damaris. Nilimshika mkono nikamwambia, "Hata sisi, Bi Edna. Hata sisi." Nilimwona mamangu kabisa. Nilijiambia, hawa ni watu wetu, wamefanya kazi kwa jasho, na ole wake atakayewasogeza.

Siku moja alipofika kwenye sanduku la chai hakuishia pale. Akasema, "Yule mama wa Kihindi alikuja tena leo."

Nilidhani anamzungumzia mfanyakazi wa jirani, yule wa Kerala. "Hapana," akasema, "wale wenyeji. Anakuja kijitoni." Kumbe ni wale waliokuwako kule kabla ya wazungu. Walikuwa wamehamishwa mbali kusini, lakini mama huyu mmoja alirudi kila kiangazi, kwanza kwa gari la farasi, baadaye kwa lori bovu la mwanawe. Kando ya kijito kwenye shamba lao palikuwa na mawe yamepangwa. Watu wake walikuwa chini ya mawe yale. Edna akiwa mtoto alikuwa akimpelekea maji.

Nilijifanya sikusikia. Nikamletea chakula. Lakini kuanzia siku ile kila aliposimulia alisogea mbele kidogo. Babake aliwakataza kumpelekea maji. Babake alihitaji mawe ya kujengea ghala la chini ya ardhi la kuwekea viazi. Babake aliyachukua yale ya kijitoni kwa sababu yalikuwa karibu.

"Akaja," Bi Edna aliniambia. Alikuwa amekaa kitandani, nywele zake nyeupe hazijachanwa. "Akaja, hakuna mawe. Akakaa pale chini kutwa nzima. Jioni akaja mlangoni. Tulifikiri atapiga kelele. Aliomba jiwe moja."

"Moja tu?"

"Moja. Baba akamwambia yameshaingia ukutani."

Baada ya hapo hatukuwa na amani. Alianza kumtafuta yule mama ndani ya nyumba. Mchana mmoja wa mwezi wa nane nilikuwa bafuni nikifua shuka zake, nikatoka nikakuta mlango wa nyuma uko wazi na joto linaingia kama la tanuri. Alikuwa uani amepiga magoti, peku, aking'oa mawe ya ukingo wa bustani kwa mikono. Yalikuwa yamekaa juani tangu asubuhi. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka na bado alikuwa anang'oa. "Mpe," ananiambia. "Mpe hili, Loyce. Anangoja mlangoni."

Nilimbeba kama mtoto. Nilimwosha, nikampaka dawa, nikamfunga bendeji, naye ananiuliza, "Umempa?" Nikamwambia, nimempa. "Amesema nini?" Nikamwambia amechukua, ameenda.

Mwanawe aliporudi nilimweleza. Alikasirika kwanza kwa sababu ya mlango, na alikuwa na haki. Kuhusu mawe alisema, "Mama amechanganyikiwa. Katika familia yetu hakuna hadithi kama hiyo." Nilimwangalia nikaona anasema kweli. Kwao ilikuwa haipo. Lile shamba lenyewe walikuwa wamelipoteza zamani, mamake akiwa msichana. Mvua iliacha kunyesha miaka mingi, upepo ukabeba udongo wote waliokuwa wameulima, benki ikachukua kilichobaki, wakahamia pwani ya magharibi kuchuma matunda ya watu. Hiyo hadithi walikuwa nayo. Ya mama wa kijitoni ilibaki kwa mtu mmoja tu, aliyeizuia maisha yake yote mpaka akili ilipolegea.

Bi Edna alifariki kabla ya mwaka kwisha. Mimi nikachukua likizo nikaenda nyumbani, na nilikwenda kuuza shamba. Ulibaki hapa kwa jirani yetu mama Fridah, utakumbuka. Yosia alikuwa ameshapata mnunuzi, mtu wa mjini.

Nyumba ilikuwa kuta tu. Magugu yameota sebuleni. Nikaenda nyuma ya jiko nikakuta nepia yote imefyekwa na uzio mdogo wa fito umezungushwa. Ndani yake makaburi mawili. Moja la zamani sana, limeshakuwa tambarare, na moja lenye msalaba wa mbao.

Mzee Zakayo alinikuta pale. Alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Alinisalimia kama vile nilitoka jana.

"Nani alimzika?" nikamwuliza.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Na mke wangu. Nani mwingine angekuja siku zile?" Akaonyesha msalaba kwa fimbo. "Nilikupigia nikuulize unataka alazwe wapi. Hukupokea. Nikamweka hapa na mama yangu. Palikuwa pameshachimbika kidogo kwa kulimwa nepia, na nguvu sina."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengine. Nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye ndege. Nikamwuliza la Samweli. Akasema, "Samweli ni wangu. Sina mahali pa kumpeleka." Hakumtetea, hakumlaani.

Nikasema nimekuja kuuza. Akasema, "Uza, binti yangu. Cheti ni chako." Akaenda. Hakuomba kitu. Nilisimama pale hadi jua likaegemea, nikingoja nisikie ndani yangu ile hasira niliyoizoea, na sikuisikia. Haikuja furaha pia. Nilichoka tu. Nilimpigia yule mnunuzi nikamwambia basi. Nilimwachia mzee alishe ng'ombe wake pale. Tangu siku hiyo Yosia hazungumzi nami ila kwenye misiba, na kwa upande wake ana hoja. Yeye alikaa kwenye kambi ya waliofukuzwa mwaka mzima na watoto, kwenye hema. Mimi nilikuwa huku, kwenye kiyoyozi.

Sasa la wiki hii. Jumanne simu iliita, namba nisiyoijua.

"Mama Damaris? Mzee ametuacha."

Sauti niliitambua, ingawa sikuwahi kuisikia ikiwa ya mtu mzima. "Wewe ni Samweli?"

"Ndimi." Akavuta pumzi. "Alisema alazwe kwa mamake. Cheti kiko kwako. Hatuwezi kuchimba bila wewe kusema."

Nilikaa juu ya kitanda chako. Ulikuwa kazini. Nilijua maana yake: akizikwa yeye pale, wanawe watakuwa na makaburi ya vizazi viwili ndani ya ua wangu, na hakuna mahakama wala chifu atakayewatoa tena. Shamba lingekuwa limekwenda, na lile ndilo nililokuwa nikisema ni lako.

Badala ya kumjibu nikamwuliza, "Samweli, baba yangu alisema nini siku ile?"

Akarudia habari za kuchimba.

"Wewe ulikuwapo. Niambie. Alisema nini?"

"Alisema anakuja," akajibu. "Alikuwa amekubali kuondoka. Alituomba tungoje avae viatu."

"Na nyinyi?"

"Hatukungoja."

Nilikata simu. Damaris, miaka yote hii tumemfanya mzee yule shujaa aliyekataa kuiacha ardhi. Alikuwa anataka kuiacha. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, mwenye mjukuu ng'ambo ya mto, anatafuta viatu chini ya kitanda aende. Sisi tuliobaki ndio tuliohitaji awe amekataa. Bado sijamwambia Yosia, na sijui kama nitamwambia.

Nilikaa siku mbili bila kumpigia Samweli. Ulidhani nina huzuni kwa ajili ya safari yako, na nilikuacha udhani hivyo. Jana asubuhi nilimpigia nikamwambia, mzikeni. Sijamsamehe. Nimemtafuta huko ndani mtu wa kumsamehe Samweli na sijampata, pengine wewe utakuja kumpata, pengine hapana. Nimemruhusu azike babake, basi.

Kwa hiyo huna shamba, mwanangu. Unaondoka bila kipande cha ardhi mahali popote duniani, kwa sababu hapa Doha tutaondoka siku kandarasi itakapokwisha, na kule nimefunga mlango mwenyewe. Una haki ya kunikasirikia. Ukikasirika, pokea simu yangu hata hivyo. Usifanye nilivyofanya mimi.

Kule unakokwenda watu watakuwa wema kwako. Watakuonyesha ile nyumba ya udongo, naamini wamehifadhi moja mahali. Watakusimulia theluji na nzige na sanduku la chai, na utalia kama nilivyolia, kwa kuwa ni kweli. Sikutumi ukawaharibie hadithi yao. Ila wewe unatoka kwa watu waliopewa ardhi na wewe ulifichwa na watu waliopokonywa, mambo yote mawili yako katika mwili mmoja. Ukiambiwa habari za mwanzo wa mahali, uliza tu nani alikuwa akipita hapo kabla, na anapita wapi siku hizi. Uliza kwa upole. Kama hakuna anayejua, angalau utakuwa umeuliza.

Mazishi ni kesho, wakati utakapokuwa safarini. Samweli alikuwa na swali moja la mwisho, wachimbe upande upi, kushoto kwa mama yake Mzee au kulia kwa Babu. Nilimwambia wamlaze karibu na Babu. Wamezoeana.

Mamako,
Loyce